Dumu la Lita Tano Hadi Kalinzi

Gari langu ni dogo, la Kijapani, la zamani kiasi kwamba petroli inaingia kwenye injini kwa kabureta, kifaa ambacho mafundi wa siku hizi hukitazama kama wanavyonitazama mimi: kwa heshima, na kwa haraka ya kuondoka. Nililipata nikiwa bado nafundisha madrasa Ujiji. Limenipeleka misibani, harusini na hospitalini, na kwa miaka mingi halikuniomba zaidi ya maji na subira. Namshukuru Mwenyezi Mungu kwa gari hilo. Nasema hivi mapema kwa sababu katika yanayofuata nitawasema watu vibaya, nami mwenyewe nikiwemo, na sitaki ionekane kwamba sina shukrani.

Shida ilianza dada yangu alipopoteza macho. Yeye ndiye mkubwa wetu, na kati ya watoto saba wa mama tumebaki wawili. Anakaa Kalinzi, huko juu, katikati ya mibuni aliyoachiwa na marehemu mumewe, na hataki kushuka. Nilipomwambia aje akae nasi Ujiji alinijibu kwamba joto la ziwani waachiwe dagaa. Hakuwahi kusoma. Mimi nilipoteremshwa mjini kuanza chuo, yeye alibaki na jembe, na ni jembe hilo lililonipatia msahafu wangu wa kwanza. Macho yalipokwenda akaniomba jambo moja tu: nimsomee Kitabu chote, mwanzo hadi mwisho, na kila ninaposoma nimweleze maana kwa Kiha, ili akiulizwa huko aendako ajue alichokuwa akikiamini maisha yake yote.

Tukapanga kila Alhamisi juzuu moja, katika zile thelathini za Kitabu. Napanda asubuhi, tunasoma hadi alasiri, nashuka. Nyonga yangu haiwezi pikipiki. Magari ya abiria ya kule yamepangwa kwa ajili ya wakulima, yanashuka asubuhi na kupanda jioni, kwa hiyo mtu wa mjini anayetaka kusoma mchana mmoja Kalinzi inambidi alale siku mbili. Lilibaki gari langu.

Tulipomaliza juzuu ya kumi na tisa, petroli ilipanda tena. Watoto wangu, Mungu awalipe, hunitumia kiasi cha kujaza dumu moja la lita tano kila juma kwa safari ile, na siwezi kuwaomba zaidi nikaendelea kuwatazama usoni. Gari lilikuwa linakunywa karibu madumu mawili kwenda na kurudi. Maana yake ningepanda mara moja kwa majuma mawili, labda pungufu. Zilibaki juzuu kumi na moja. Majuma kumi na moja mtu anaweza kumwahidi mwenzake. Miezi mitano au sita, kwa mwanamke wa umri ule ambaye pumzi yake ilikuwa imeanza kukatika akitoka tu uani, sikuwa na uthubutu wa kuitamka.

Basi nikaamua kwamba gari hili litajifunza kwenda Kalinzi na kurudi kwa dumu moja.

Gereji ninayoitumia iko Rusimbi. Fundi wake ni mtu mzuri, mcheshi, na hajawahi kukubali katika maisha yake kwamba kuna jambo halijui. Pale kwake huwa kuna wanaume watatu wanne wanaokuja kila siku kutazama magari ya wenzao yakifunguliwa. Hakuna hata mmoja wao mwenye gari. Elimu yao ya magari haina mpaka.

Wa kwanza kunishauri alikuwa mstaafu wa reli.

“Maalim, mafuta yako yanaingia yakiwa yamejikunja,” alisema. “Ndiyo maana hayaungui yote. Funga sumaku kwenye mpira wa mafuta, yanyooke.”

“Yanyooke kama nini?”

“Kama wanafunzi wako ulipokuwa ukishika fimbo.”

Wakacheka, nami nikacheka, na kwa kuwa nilicheka ikaonekana nimekubali. Walitoa sumaku kwenye spika ya redio iliyokufa wakaifunga. Nilipanda nayo Kalinzi Alhamisi moja. Kazi pekee ambayo nina ushahidi kwamba sumaku ile iliifanya ni kuikamata spana ya fundi kila alipoinama, mpaka akaitoa mwenyewe kwa hasira.

Akafuata mtu mmoja aliyeona kitu kwenye simu. Alinionyesha: chupa ya maji, nyaya mbili, mpira unaoingia kwenye injini. Eti maji yatageuka gesi, na gesi itaungua badala ya petroli.

“Mzee, tumekaa kando ya ziwa lote hili halafu tunanunua mafuta!” alisema, akininyooshea mkono kuelekea ziwani kana kwamba sijawahi kuliona.

Nilimtazama. Ziwa hilo lilikuwepo kabla ya babu zake, na babu zake hawakuwa werevu wa kutisha, lakini walijua kwamba maji huzima moto. Hata hivyo nilikuwa mtu mwenye shida, na mwenye shida husikiliza. Chupa ilifungwa. Ilitoa mapovu mazuri sana. Baada ya siku tatu betri ililala, na gari likasukumwa kutoka mlangoni kwangu na waumini waliokuwa wanatoka msikitini, kila mmoja akiuliza ile chupa ni ya nini.

Hao wawili niliwasamehe upesi, kwa sababu hawakumtaja Mungu.

Wa tatu alikuwa mwanafunzi wangu wa zamani. Nilimfundisha mwenyewe, na matokeo ya kazi yangu yananihuzunisha. Siku hizi anaandika kombe: anaandika aya kwa zafarani kwenye sahani, anaiosha kwa maji, watu wananunua wanakunywa. Alikuja nyumbani kwangu amevaa kanzu iliyopigwa pasi kuliko yangu, amebeba chupa.

“Shikamoo, Maalim.”

“Marahaba. Nani mgonjwa?”

“Gari, Maalim. Nimesikia. Hii unaimimina kwenye rejeta, na hii,” akatoa kihirizi kidogo cha ngozi, “unakifunga kwenye usukani. Yule mwenye lori la mihogo la Simbo nilimfungia. Siku hizi anajaza tangi na kusahau.”

“Anasahau kujaza au anasahau kulipa?”

“Maalim, usifanye mzaha na aya.”

Hapo ndipo damu ilinipanda. Nilimwambia kwamba asiyefanya mzaha ni mimi. Kitabu kimeshushwa kiwaongoe watu, na rejeta haina haja ya kuongoka. Nilimwambia anywe yeye chupa nzima, huenda ikamponya uongo. Mke wangu alinisikia kutoka uani, na baada ya mgeni kuondoka aliniuliza kama nilikuwa nafundisha au napigana. Niliswali rakaa mbili kuomba msamaha kwa ukali wangu. Maneno yenyewe sikuyaombea msamaha, na mpaka leo sijayaombea.

Lakini ningekuwa mnafiki nikiishia kwa wengine. Mjinga mkubwa kuliko wote katika habari hii hakuwa na sumaku wala zafarani. Alikuwa na msahafu kwenye kiti cha abiria.

Nilijiambia kwamba mimi ni mtu wa akili, na akili inasema gari jepesi linakula kidogo. Nikatoa keria ya juu, ambayo hakika haikuwa na kazi. Laiti ningeacha hapo. Nikatoa kiti cha nyuma. Nikatoa mazulia, jeki, tairi la akiba. Mke wangu alipoona vitu vyote hivyo vimepangwa sebuleni aliuliza kama tunahama, au ni gari ndilo linahamia ndani. Nikajaza upepo matairi mpaka yakawa magumu kama mawe. Vyote hivi viliniokolea kidogo, na kidogo kile kilinilewesha. Ndipo nikapata wazo ambalo nililiona la werevu kupita yote: kutoka Kalinzi hadi chini ni mteremko. Mteremko hauhitaji injini. Kwa nini injini iwake?

Alhamisi ya juzuu ya ishirini na moja, nikishuka, nilizima gari. Kulikuwa kimya, nikasikia upepo na matairi, nikasema Alhamdulillahi kwa sauti. Kona ya kwanza nilikanyaga breki, ikashika. Ya pili ikashika, lakini kwa uzito. Ya tatu pedeli ilikuwa kama nimekanyaga ngazi ya msikiti. Sikujua, mimi mwenye akili, kwamba breki za gari lile zinasaidiwa na injini, na injini ikizimwa msaada unaisha baada ya kukanyaga mara mbili tatu. Mbele yangu kulikuwa na wanawake watano wamebeba mikungu ya ndizi kichwani. Nilipiga honi, nikavuta breki ya mkono, nikageuza usukani ambao nao ulikuwa mzito, na gari likaenda kuegemea ukingo wa udongo, likasimama limeinama kama mtu anayesikiliza ukutani.

Wanawake walikuja. Mmoja aliuliza kwa Kiswahili kama nimeumia. Nikasema hapana, Mungu ni mkubwa.

“Gari limeharibika?”

“Halijaharibika. Nimelizima.”

“Umelizima mlimani?”

“Nilikuwa nabana mafuta.”

Wakatazamana. Kisha mwingine, aliyeiona kanzu yangu na kudhani sielewi, akawaambia wenzake kwa Kiha: “Huyu Mswahili wa Ujiji atakwisha yeye, petroli ibaki.”

Nilimjibu kwa Kiha kwamba mama yangu alizaliwa mwendo wa nusu saa kutoka pale, na kwamba amesema kweli. Walicheka mpaka wakashusha ndizi. Walinisukuma kurudi barabarani, ingawa nilistahili kuachwa pale. Jioni ile nilipopima, petroli niliyookoa kwa kuhatarisha roho sita ingeenea kwenye kikombe cha chai.

Nilirudisha tairi la akiba, jeki na kiti. Nikamwambia mke wangu kwamba huenda Mungu ameamua tuishie juzuu ya ishirini na moja. Yeye akasema Mungu hajaamua, ni mimi niliyechoka, na hayo ni mambo mawili.

Nilipanda tena baada ya majuma mawili, kwa petroli niliyoilimbikiza. Ulikuwa wakati wa kuvuna kahawa, na baridi ya Kalinzi msimu ule inaingia kwenye mifupa. Mawingu yalikuwa mazito, kwa hiyo buni yote iliyokuwa ianikwe nje ilikuwa imetandazwa sebuleni kwa dada, hapakuwa na pa kukanyaga. Alisema tukasomee ndani ya gari. Nilimshika mkono, akaketi kiti cha mbele, amejifunika kanga mbili na blanketi, anatetemeka.

“Hakuna moto humu?” aliuliza.

Nikakumbuka kwamba gari lina hita. Tangu nilipate sijawahi kuifungua. Nani Ujiji atafungua hita? Tunafungua vioo tukimwomba Mungu upepo. Injini ilikuwa imetoka kupanda mlima mzima wakati ule ule, nikaiwasha tena, nikasukuma kile kijiti chekundu hadi mwisho. Upepo ukatoka. Dada aliweka viganja mbele ya tundu, akavigeuza, akavigeuza tena.

“Mdogo wangu.”

“Naam, dada.”

“Hili gari limepanda hapa lenyewe, au mmelibeba?”

“Limepanda lenyewe.”

“Basi ni mgonjwa. Mimi zamani nikitoka kisimani tu na ndoo, ungenigusa nimechemka. Hiki kitu kinapumua kama maiti.”

Nilicheka, kisha nikaacha kucheka. Nilitazama mshale wa joto kwenye dashibodi. Ulikuwa umelala chini kabisa, pale pale unapokuwa asubuhi kabla sijawasha. Nilijaribu kukumbuka ni lini niliwahi kuuona umepanda, na sikukumbuka. Nilikuwa nikijivunia jambo hilo. Niliwaambia watu: gari langu halichemki.

Siku ile tulisoma juzuu ya ishirini na mbili kwa viganja vyake vikiwa ndani ya mikono ya koti langu, na kesho yake nilikuwa Rusimbi.

“Fundi,” nilisema, “gari langu kwa nini halipati joto?”

“Si ndiyo vizuri, Maalim?”

“Nimekuuliza kwa nini.”

“Halina thamostati,” alisema, kwa sauti ya mtu anayepokea sifa. “Nilikutolea zamani, lile jambo la kwanza kabisa ulipokuja. Gari yoyote ikiingia hapa naanza na hilo. Wajapani wanaweka kwa sababu kwao kuna theluji. Sisi hapa ziwani, joto lote hili, ya nini?”

Na alinionyesha. Ukutani, kwenye waya, alikuwa amezitunga kama shanga: thamostati za miaka yote, ndogo na kubwa, kila moja kutoka kwenye gari la mtu aliyemwamini. Wale wanaume wasio na magari walizitazama kwa fahari kana kwamba ni meno ya simba waliowaua.

Nilimwomba anieleze kazi yake, akanieleza, maana kazi yake anaijua, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Ni mlango mdogo. Injini ikiwa baridi mlango unafungwa, maji hayaendi kwenye rejeta, injini inapata moto upesi. Ikishapata moto, mlango unafunguka. Ukiutoa, maji yanazunguka tangu mwanzo na injini haipati moto wake kamwe. Na kwenye kabureta ya gari langu, choki inasubiri maji yawe ya moto ndipo iache kuzidisha petroli. Maji hayajawahi kuwa ya moto. Kwa hiyo miaka yote ile gari langu liliamini kwamba ndiyo kwanza limeamka, kuna baridi, na linastahili kunyweshwa. Lilipita Ujiji saa saba mchana, watu wakikimbilia vivuli, likidhani liko kwenye theluji.

“Sasa hayo yote unayajua,” nilimwambia, “na bado unazitunga ukutani?”

“Maalim, hakuna mteja aliyewahi kulalamika.”

Hapo alisema kweli. Sote tulifurahi kwamba magari yetu hayachemki. Tulizungumza juu ya sumaku na gesi ya maji na zafarani, mbele ya ukuta ule ule.

Alinitungulia moja iliyolingana na gari langu. Sikuwa na imani naye tena, kwa hiyo niliipeleka nyumbani nikaiweka kwenye sufuria jikoni.

“Leo unapika chuma?” mke wangu aliuliza.

“Nataka nione kama inafunguka.”

“Ikiiva, uioshe sufuria yangu mwenyewe.”

Maji yalipokaribia kuchemka, mlango ule wa shaba ulianza kujisogeza taratibu, bila mtu kuugusa, mpaka ukawa wazi. Nilipoitoa ikapoa, ukafunga. Nilikaa na kitu kile mkononi nikimsifu Mola aliyeweka tabia katika vitu na vikamtii, wakati watu aliowapa akili wanavining'iniza kwenye waya.

Kilifungwa siku ile ile. Fundi alirekebisha na choki, akasafisha plagi, wote wakikaa pembeni kusubiri gari lichemke ili wanicheke. Mshale ulipanda hadi katikati, ukasimama hapo. Waliusubiri hadi adhana ya alasiri, kisha wakatawanyika kwa masikitiko.

Alhamisi iliyofuata nilijaza tangi hadi mdomoni kwa fedha ya kukopa, nikabeba dumu la lita tano lililojaa. Nilikwenda Kalinzi kwa mwendo wa mtu anayesindikiza jeneza, injini ikiwaka kupanda na ikiwaka kushuka. Dada aliweka viganja kwenye tundu la hita akasema, “Ah, limefufuka,” na akakataa kutoka ndani ya gari hata buni ilipokuwa imeshaondolewa sebuleni. Niliporudi nyumbani nilimimina dumu kwenye tangi. Tangi lilijaa hadi mdomoni tena, na kwenye dumu kulibaki petroli ya kutosha kunisikitisha kwa ile miaka yote.

Habari ilienea. Mstaafu wa reli anasema sumaku huchukua muda kufanya kazi. Mwanafunzi wangu anawaambia watu kwamba aliniombea kwa siri, licha ya matusi yangu. Yule mwenye chupa haji tena gereji. Fundi, kwa upande wake, ameanza kuwauzia watu thamostati kutoka ukutani, na huzipigia chapuo kama uvumbuzi wake. Nilitaka kukasirika. Nimeamua kushukuru, kwa sababu angalau sasa anawauzia kitu cha kweli.

Hatukukosa Alhamisi hata moja tena. Juzuu ya thelathini tuliisoma dada akiwa kitandani, kifua kikimsumbua, mimi kwenye kigoda. Nilisoma dua ya khitima, akaitikia amin hadi mwisho. Nje watu walikuwa wanapita na mikungu ya ndizi. Nilikuwa nalia kidogo, naye hakuona, au alisikia na akaninyamazia.

“Dada, tumemaliza.”

“Nimesikia.”

“Alhamdulillahi.”

“Alhamdulillahi. Lakini zile juzuu za mwanzo ulizisoma mbio sana.”

“Ilikuwa masika. Nilikuwa naiwahi barabara kabla ya mvua.”

“Na mimi nilikuwa nasinzia, naitikia tu ili usijisikie vibaya. Sasa niende nikaseme nimesikia Kitabu kizima, na robo yake nilikuwa nimelala?” Alipapasa kitandani mpaka akaupata mkono wangu. “Umesema hilo gari siku hizi halinywi.”

“Halinywi sana.”

“Basi anza upya. Na safari hii usikimbie.”

Niliufunga msahafu nikaubusu, nikaufungua tena mwanzo. Nilikuwa bado na saa mbili kabla ya kushuka. Nikasoma taratibu, na kila nilipofika mwisho wa aya nilisimama kuhakikisha yuko macho.